Kutoka Niemba Mpaka Ziwani: Kwa Nini Maji ya Tanganyika ni ya Buluu?

Ndugu msomaji, mwezi huu tunakualika safarini. Vijana, sogeeni karibu. Na ninyi wazazi, msikilize pia, kwa maana mambo haya yanagusa mtungi ulio nyumbani mwenu. Safari inaanza Niemba, katika jimbo la Tanganyika, kwenye reli inayotoka Kabalo kwenda Kalemie. Inaishia kandokando ya ziwa. Njiani tutatafuta jibu la swali moja ambalo watoto huuliza na wakubwa hulikimbia: Kwa nini maji ya ziwa ni ya buluu, na maji ya mto wetu ni ya rangi ya udongo?

Tuanzie kwenye mto

Watu wengi wa nje wanalijua jina la Niemba juu ya jambo la huzuni. Tarehe 8 Novemba 1960 askari wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walishambuliwa karibu na hapo, kwenye daraja la mto Luweyeye, na 9 kati yao walipoteza maisha. Jambo hilo halisahauliki. Lakini Niemba ina mambo mengine ya kufundisha, na moja liko ndani ya mto.

Mto Niemba, wenye jina moja na mji, unaingia katika mto Lukuga. Nenda huko wakati wa mvua uwatazame wamama wanaochota maji. Maji ni mekundu-mekundu, sawa na chai yenye maziwa. Mama mwenye akili hayatumii palepale. Anayaacha ndani ya ndoo usiku kucha. Asubuhi udongo umeshuka chini, na maji ya juu yamekuwa meupe. Hapo mama huyo amekwisha kutufundisha somo la kwanza: rangi ile haikuwa ya maji. Ilikuwa ya udongo, na udongo ni mgeni tu ndani ya maji.

Sasa sikiliza jambo linaloshangaza wengi. Mtu asiyejua anafikiri kwamba Lukuga unakwenda ziwani. Hapana! Lukuga unatoka ziwani. Mlango wake uko Kalemie. Kutoka hapo maji yanashuka kuelekea magharibi mpaka yanaingia katika Lualaba, na mwisho yanafika baharini pamoja na mto Kongo. Hata wasafiri wa zamani waligombana juu ya jambo hilo. Verney Lovett Cameron alifika kwenye mlango wa Lukuga mwaka 1874, akakuta matete na majani mengi yamefunga njia. Stanley naye alikuja mwaka 1876. Ziwa lilikuwa linapanda tu. Miaka michache baadaye kizuizi kile kilivunjika, na maji yakapita kwa nguvu. Kabla ya mwaka 1880 kwisha, hakukuwa tena na mashaka: Lukuga ni mlango wa kutokea.

Basi, ukiwa ndani ya treni kutoka Niemba kwenda Kalemie, wewe unapanda na maji yanashuka. Maji unayoyaona dirishani, sehemu yake ilikuwa ndani ya ziwa siku chache tu zilizopita. Huko yalikuwa ya buluu. Huku yamekuwa ya udongo. Njiani yamepata nini, na yamepoteza nini? Swali letu ni hilo.

Tumefika Kalemie

Reli hii ilimalizika mwaka 1915, wakati mji ulipoitwa Albertville. Tangu wakati ule abiria wengi wamesimama dirishani kwenye mwisho wa safari kusudi waone ziwa likifunguka mbele yao. Mtu aliyezoea mito na visima anaweza kunyamaza kidogo. Maji hayana mwisho, na rangi yake ni ya ajabu.

Lakini usitosheke na kushangaa. Panda mahali palipoinuka, utazame vizuri. Utaona kwamba ziwa halina rangi moja. Karibu na nchi kavu, mahali vijito vinapoleta udongo, kuna rangi ya udongo. Mbele kidogo, mahali maji hayajawa na kina kirefu na mchanga uko chini, kuna kijani-kijani. Halafu, mbali zaidi, kuna buluu nzito, karibu nyeusi. Mvuvi haulizi kina kwa kamba kila siku, rangi inamwambia. Tena chota maji ya pale penye buluu nzito, uyatie katika glasi. Buluu imekwenda wapi? Glasi haina rangi yoyote!

Je, ni mbingu inayojitazama?

Ukiuliza watu, wengi watakujibu: «Ni mbingu inajionyesha ndani ya mayi.» Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Ni kweli, uso wa maji ni kama kioo. Ukitazama mbali, karibu na upeo wa macho, unaona sana nuru ya mbingu inayorudishwa na maji. Ndiyo maana siku ya mawingu ziwa linageuka kijivu, na jioni linakuwa jekundu kama moto. Lakini inama juu ya mtumbwi, utazame moja kwa moja chini. Hapo uso wa maji unarudisha nuru kidogo sana, karibu sehemu 2 tu kwa 100. Na bado unaona buluu. Tena, kama ingekuwa mbingu peke yake, dimbwi la udongo la Niemba nalo lingekuwa la buluu, kwa maana mbingu yake ni ileile.

Jambo hili lilimsumbua mtu mmoja wa India, C. V. Raman. Mwaka 1921 alikuwa anarudi kwao kwa meli kutoka Uingereza. Katika bahari ya Mediterania alishangazwa na buluu ya maji. Wakati ule mtaalamu mkubwa wa Uingereza, Lord Rayleigh, alikuwa amekwisha kusema kwamba buluu ile nzito ni ya mbingu tu, inaonekana majini kama katika kioo. Raman hakuridhika. Alikuwa na kijiwe kinachopitisha nuru, cha aina inayoweza kuzima nuru inayorudishwa na uso wa maji, ukikishika vizuri na kutazama kwa pembe inayofaa. Akaitazama bahari kupitia kijiwe hicho. Kama buluu ingekuwa ya mbingu, ingezimika. Haikuzimika. Ilizidi kuonekana! Basi ilikuwa inatoka ndani ya maji yenyewe. Mwaka 1930 Raman alipewa Tuzo la Nobel kwa kazi zake juu ya namna nuru inavyotawanyika.

Nuru na bariere

Nuru ya jua tunaiita nyeupe, lakini ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Upinde wa mvua unatuonyesha: nyekundu, ya machungwa, manjano, kijani, buluu na zambarau. Zote zinaingia majini pamoja. Lakini hazifiki mbali sawasawa.

Wasomaji wetu wanajua bariere za barabarani. Fikiri juu ya wasafiri wawili kwenye njia yenye bariere nyingi. Mmoja anatozwa nusu ya fedha zake kila mara. Mwingine anatozwa senti moja. Baada ya bariere tano, wa kwanza hana kitu tena, na wa pili bado anaendelea kama vile hajaguswa. Ndivyo ilivyo ndani ya maji. Rangi nyekundu ndiyo inayotozwa sana: katika maji safi, mita 2 hivi zinatosha kumeza nusu yake. Buluu inaweza kupita makumi ya mita kabla ya kupoteza nusu.

Juu ya nini maji yanaionea nyekundu? Kila chembe ya maji imefanywa na hidrojeni mbili na oksijeni moja, zimeshikamana. Mshikamano huo unatikisika kama uzi wa gitaa. Mtikisiko huo unaweza kupokea nuru nyekundu kidogo-kidogo, na nuru ile inageuka kuwa joto. Nuru ya buluu hauipokei, au unaipokea kidogo sana. Kwa hiyo buluu si rangi iliyotiwa ndani ya ziwa. Ni ile iliyobaki baada ya maji kumeza zingine.

Lakini kama buluu inashuka tu, tungeiona namna gani sisi tulio juu? Njiani chembe za maji zinaitawanya huku na huku, na buluu inatawanywa zaidi kuliko nyekundu. Sehemu ndogo yake inageuzwa kurudi juu, inatoka majini, inaingia katika jicho lako. Hiyo ndiyo buluu ya Tanganyika.

Kama unakaa mbali na ziwa, nenda kwa fundi wa madirisha. Mwombe akuonyeshe kipande cha kioo cha kawaida. Ukikitazama usoni, hakina rangi. Sasa kitazame ubavuni, ambapo nuru imepita katika kioo kirefu. Ni cha kijani! Rangi ilikuwamo tangu mwanzo, lakini ilikuwa kidogo mno. Maji ya glasi ni hivyohivyo. Yana buluu yake, lakini sentimita chache hazitoshi kuionyesha.

Na wewe unayekaa Kalemie, fanya jaribio pamoja na mvuvi mtu mzima, siku ambayo ziwa limetulia. Funga sahani nyeupe na kitambaa chekundu kwenye kamba yenye jiwe, ukateremshe mahali penye kina na maji safi. Kadiri sahani inavyoshuka, inaanza kuwa na rangi ya buluu-kijani. Kitambaa chekundu kinaanza kufifia na kuwa cheusi-cheusi. Hakijachafuka. Ni nuru nyekundu iliyokosekana huko chini, na kitambaa chekundu hakiwezi kurudisha rangi ambayo haikukifikia. Padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, ndiye aliyefanya kazi ya namna hii mwaka 1865 kwa kuteremsha sahani baharini, na mpaka leo wataalamu wanapima weupe wa maji kwa sahani yenye jina lake. Katika Tanganyika, mbali na nchi kavu, sahani inaweza kuonekana mpaka karibu mita 20 chini. Katika mto wa udongo inapotea kabla hata ya urefu wa mkono wako.

Kina kinafanya kazi gani?

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na mahali pake pa kina zaidi ni mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina. La kwanza ni Baikal, kule Urusi, lenye mita 1,642. Watu wa Kipushi, ambao mgodi wao unashuka zaidi ya mita 1,000, wanaweza kufikiri vizuri maana ya kina hicho.

Kwa rangi peke yake, mita 100 za juu zinafanya karibu kazi yote. Lakini kina kirefu kinasaidia kwa njia nyingine. Kwanza, hakuna mchanga wala majani ya chini yanayorudisha rangi yao. Pili, mawimbi hayafiki chini kuuchochea udongo. Linganisha na ziwa Upemba, ambalo lina mita chache tu: upepo ukivuma, matope yanaamka. Tatu, majani na samaki waliokufa wanazama mbali sana, pamoja na mbolea yao. Katika Tanganyika maji ya juu na maji ya chini hayachanganyiki kabisa. Chini zaidi ya mita 200 hakuna hata hewa ya oksijeni ya kumtosha samaki. Mbolea nyingi imefungwa huko kama mali ndani ya ghala.

Kwa hiyo maji ya juu yana chakula kidogo, na mimea midogosana isiyoonekana kwa macho, ile inayogeuza maji kuwa kijani, haiwezi kuzidi. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9, upepo wa kusini unalisukuma ziwa, na sehemu ya mbolea ile inapanda juu. Hapo mimea midogo inaongezeka, wadudu wadogo wa majini wanaila, na ndagala wanakula wadudu wale. Usidharau basi maji yenye kijani kidogo. Buluu nzito ni nzuri kwa macho, lakini ni rangi ya maji yenye njaa. Ziwa Victoria, lenye kina cha mita 80 hivi tu na mbolea nyingi inayotoka mashambani na mijini, lina sehemu nyingi zilizogeuka kijani kwa kuzidiwa.

Sasa tunaweza kulijibu swali la treni. Maji ya Lukuga yalipotoka ziwani yalipoteza kina, yakapata udongo. Nuru ikiingia ndani yake inagonga udongo mara moja na kurudi na rangi ya udongo. Haipati nafasi ya kusafiri mbali, na buluu haiwezi kujionyesha. Ndiyo habari yote.

Ninyi mnaokaa karibu na kariere

Hapa ndugu zetu wa Kolwezi, Likasi na Manono wataniuliza: «Na mayi ya kariere? Ile pia iko bulu!» Ni swali zuri, na jibu lake linaweza kumwokoa mtoto.

Mashimo ya zamani ya madini yanajaa maji ya mvua na ya chini ya ardhi. Mengine yana kina kirefu, na maji yake yakitulia yanaweza kuwa ya buluu kwa njia ileile ya ziwa. Mengine yana unga mwembamba sana wa mawe, ambao unatawanya nuru na kuyafanya maji yawe ya buluu-kijani. Lakini katika nchi ya shaba kuna sababu ya tatu. Mnalijua jiwe la malakiti na kijani chake: rangi ile ni ya shaba. Shaba ikiyeyuka ndani ya maji, hasa maji yenye asidi, inayapa rangi ya buluu au ya kijani. Mnajua pia ile chumvi ya buluu ya shaba inayonyunyiziwa mimea. Rangi yake inatoka kwa shaba ileile. Buluu kama hiyo si ya nuru iliyosafiri mbali. Ni ya madini.

Utatambua namna gani? Tia katika glasi nyeupe, uiweke mbele ya karatasi nyeupe. Maji ya ziwa yatapoteza buluu yake. Kama maji ya kariere yanabaki na rangi hata ndani ya glasi, ujue kuna kitu kimeyeyuka humo, na usiyape kinywa chako. Lakini, tafadhali, usigeuze jambo hili kuwa ruhusa: maji yasiyo na rangi katika glasi yanaweza bado kuwa na madini yenye sumu, kidogo kiasi ambacho jicho halioni. Na kuchemsha hakusaidii hapo. Maji yanapaa kama mvuke, madini yanabaki sufuriani, na yanazidi kuwa makali. Maji ya kariere si ya kunywa, si ya kupikia. Kando zake nazo ni za wima, na mtoto anayeruka humo kuogelea hapati mahali pa kupandia. Wazazi, waambieni watoto wenu bila kuchoka.

Buluu haisemi «kunywa»

Turudi Kalemie, kwa maana huko kosa ni la namna nyingine. Utasikia mtu anasema kandokando ya ziwa: «Mayi iko bulu, iko safi, kunywa tu!» Maneno hayo yamewapeleka wengi hospitalini.

Kalemie ni mmoja wa miji ya mashariki ya Kongo ambamo kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Mwaka 2017 watu wengi waliokimbia mapigano jimboni walikusanyika kandokando ya mji, na maji safi na vyoo havikutosha. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, likaingia katika nyumba za watu. Maji yakiingia chooni, uchafu unatoka na kwenda ziwani. Na mdudu wa kipindupindu ni mdogo sana: mamia yake yanaweza kupangwa mstari mmoja katika milimita moja. Elfu nyingi zinaweza kukaa ndani ya kikombe, na nuru ikapita kama vile hakuna kitu.

Kwa hiyo tujue vizuri buluu inasema nini, na hainenei nini. Inasema: hapa pana kina, hapa hapana udongo mwingi, hapa hapana mimea midogo mingi. Inaishia hapo. Haikuambii kitu juu ya kipindupindu, wala juu ya kuhara, wala juu ya sumu.

Basi, mama, maji yako yakitoka ziwani, mtoni au kisimani, yachemshe mpaka yachemke kwa nguvu dakika nzima, kisha yatie katika chombo safi chenye kifuniko. Au tumia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Maji ya udongo yaache kwanza yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi, kwa maana udongo unapunguza nguvu ya dawa. Na mtu akipata kuhara kama maji ya mchele, msingoje. Mpelekeni mara moja kwenye kituo cha afya, na njiani anywe. Kama hamna pakiti ya dawa ya kunywa, tengenezeni: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kujaa mlima.

Nuru inaweza kukufanyia kazi

Kuni na makala ni ghali, tunajua. Ndiyo maana tunakupa jambo la mwisho, na utaona kwamba linatokana na habari ileile ya nuru. Pamoja na rangi tunazoziona, jua linatuma nuru nyingine isiyoonekana, iliyo ng'ambo ya zambarau. Nuru hiyo inaua vijidudu, ikiweza kuvifikia. Inaweza kupita katika maji meupe. Katika maji ya udongo inazuiwa, sawasawa na buluu inavyozuiwa katika Lukuga.

Twaa chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyopita lita 2, isiyokwaruzwa. Ioshe. Ijaze maji yaliyotulia. Sasa fanya jaribio: simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, chenye herufi kubwa, utazame kutoka mdomoni mwa chupa mpaka chini. Ukiweza kusoma herufi zile kupitia maji, yanafaa. Usipoweza, yaache yatulie tena au yachuje. Halafu funga chupa, ilaze juu ya bati juani, asubuhi mpaka alasiri, saa 6 kamili. Kama mbingu imejaa mawingu, iache siku mbili. Mvua ikinyesha mchana kutwa, chemsha tu. Na kumbuka tena: jua linaua vijidudu, haliondoi shaba wala kobalti. Kwa maji ya kariere njia hii haina faida.

Udongo wa Niemba, udongo wa milima

Kabla hatujaagana, jambo moja juu ya ziwa lenyewe. Udongo wa Niemba hauendi Tanganyika, kwa maana maji yake yanashuka kwenda Lualaba. Lakini kwenye milima iliyo juu ya ziwa, upande wetu na upande wa Burundi, Tanzania na Zambia, udongo wote unaoachiliwa unashuka ziwani. Tukichoma kilima na kukata miti yote, mvua ya kwanza inabeba udongo. Unafunika mawe ya kandokando ambapo samaki wanazaa. Katika ziwa hili kuna aina zaidi ya 200 za samaki ambazo haziko mahali pengine popote duniani, na nyingi zao zinakaa kwenye mawe hayo.

Tena, fikiri juu ya namna maji yanavyotoka ziwani. Lukuga ni mlango mmoja tu, na sehemu kubwa ya maji haipiti hapo. Inapaa juu kama mvuke kwa nguvu ya jua. Mvuke haubebi udongo, mafuta wala sumu. Kile tunachotupa ziwani leo, wajukuu wetu watakikuta humo. Mwenye shamba mlimani akiacha mstari wa majani kwenye mtelemko, akipanda miti kandokando ya kijito, anamsaidia mvuvi ambaye pengine hajamwona hata siku moja.

Vijana, jaribio la glasi na karatasi nyeupe mnaweza kulifanya wiki hii. Pimeni maji ya mto, ya kisima, ya robine. Andikeni katika daftari: yana rangi gani ndani ya glasi, na baada ya usiku mmoja yamebadilika namna gani. Mpimapo, msiyaonje. Mkiyaona yamekuwa meupe kabisa, semeni: «Udongo umekwenda.» Mkikuta bado yana rangi, ulizeni ni kitu gani kimeyeyuka humo. Na hata yakiwa meupe, kabla ya kunywa, chemsheni.